Mfanyakazi wa Siku Moja

Simu yangu imenyamaza. Miaka yote niliyoendesha ambulensi kati ya Kitale na Bungoma ilikuwa ikilia hata nikiwa na sabuni machoni. Siku hizi inalia tu binti yangu akitaka kujua kama nimekula. Nimekula, tena nikiwa nimekaa, jambo lililokuwa geni kwangu mpaka juzi. Nilipokabidhi funguo niliwaambia watu kwamba nina huzuni kidogo, kwa sababu ndivyo mtu anavyotakiwa kuaga. Ukweli ni kwamba nilishusha pumzi kama aliyetua gunia la mahindi.

Wekesa na Chebet, ninyi mliochukua gari langu ndio mlioniomba niandike. Wewe Wekesa ulinifuata mpaka langoni ukasema, “Mzee, si utuachie siri bana.” Siri sina. Habari za vyeo na mshahara nitaziruka, maana vyeo vilikuwa vichache na mshahara ulikuwa ukiisha kabla sijamaliza kuutaja. Mambo ya injini mtafundishwa na injini yenyewe, nayo haina huruma. Nitawaachia habari ya adabu. Ile barabara ya Kitale, Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye mpaka Bungoma haiendeshwi kwa gia peke yake.

Kwa atakayesoma bila kutujua, hospitali yetu ni ndogo. Ina tawi Kitale na tawi lingine Bungoma, na daktari wa upasuaji ni mmoja, leo yuko huku, kesho yuko kule. Mgonjwa wa kupasuliwa humfuata daktari alipo. Kazi ya dereva ni kumfikisha akiwa hai, na ikiwezekana akiwa bado anaongea na jamaa zake.

Siku yangu ya kwanza nilikuja nimepiga viatu rangi, nikijua nitapewa usukani. Dereva mkuu alikuwa Mzee Barasa, mtu wa Mabanga, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alitazama viatu vyangu kwa muda, akaniambia nipande nyuma nilale. Nikalala kwenye machela. Akanifunga mikanda yote, akaenda mbele, akawasha gari. Toka Kitale hadi Kiminini kila shimo lilipita kwenye uti wangu wa mgongo. Alipofungua mlango nilikuwa nimelowa jasho.

“Umesikia?” akaniuliza.

“Nimesikia, mzee.”

“Na huna mahali umevunjika. Sasa kuja mbele.”

Mafunzo yangu ya breki yaliishia hapo. Mpaka leo nikiona shimo mgongo wangu hujua kabla ya macho. Kama bado hamjalala kwenye ile machela gari likienda, laleni. Msingoje kuvunjika.

Somo la pili lilikuwa la king'ora. Kijana yeyote akipewa king'ora hujiona waziri. Nilikiwasha mjini Kitale nikakiacha kilie tu, na watu wakaanza kunitazama kwa chuki. Barasa alinyoosha mkono akakizima.

“Hiyo si amri,” akasema. “Balabala ni ya watu wote. Hiyo ni hodi. Ukipiga hodi kwa boma ya mtu, si unangoja akufungulie? Na akifungua, si unasema asante?”

Barasa alisema “balabala” maisha yake yote, na ilimfikisha kila alikokuwa akienda. Nikaanza kufanya alivyotaka. Napiga hodi mara mbili, nanyamaza, nangoja kidogo. Njia ikifunguka natoa mkono dirishani nashukuru, mvua iwepo isiwepo. Mkono wangu wa kulia ulikuwa na baridi yabisi kabla ya mwili wote, lakini baada ya miezi kadhaa wale madereva wa trekta za miwa wa Webuye, watu ambao hawampishi hata baba yao, walikuwa wakijibanza kando wakiona tu rangi ya gari letu.

Nikizunguka hivyo nikajifunza kwamba kila mji una adabu yake, na ukitumia ya huku kule unaonekana mshenzi. Kitale ni mji wa watu wenye shughuli. Wakati wa mavuno malori ya mahindi hujaa mpaka katikati ya barabara. Hakuna atakayekusalimu, lakini watakupisha. Dereva wa tuktuk hugonga bodi ya mwenzake kwa kiganja, huyo naye humgonga wa mbele yake, na ule mlio hukutangulia mpaka njia ifunguke. Hawakutazami usoni. Ukishapita wanarudi kwenye ubishi wao palepale walipouachia. Kulikuwa na mzee mmoja Kalasinga mwenye duka la vipuri, ambaye kila tukipita na mgonjwa alikuwa akiinuka kwenye kiti na kusimama mpaka tupotee. Nilipokwenda kwake kununua mkanda wa feni nikamwuliza kwa nini anajisumbua. Akasema, “Mgonjwa napita mlango yangu, mimi nakaa tu?” Kisha akaniuzia mkanda bila kupunguza hata kidogo. Adabu ni adabu na biashara ni biashara.

Bungoma mambo ni mengine. Huko hakuna jambo lisiloanza kwa salamu. Unafika kwenye boma mbio, mgonjwa anahema, na mwenye nyumba anakujia na mkono mbele: “Mulembe! Watu wa Kitale wako aje? Mvua imefika huko?” Mwanzoni nilikuwa nikikasirika, nikiwapita kama miti. Barasa akanionyesha kwamba watu uliowapita hivyo hubaki wamesimama wakikutazama, na machela unabeba mwenyewe. Waliojibiwa huja kubeba. “Mulembe” huchukua muda uleule wa kufungua komeo la mlango wa nyuma, basi sema huku unafungua.

Tena kuna suala la viatu. Jamaa za wagonjwa wakiona sakafu yetu inavyong'aa huvua viatu kabla ya kupanda, kama wanaingia sebuleni kwa mtu. Mara ya kwanza sikujua. Nikafika Bungoma na familia nzima iko peku, viatu vimebaki vimepangwa vizuri kando ya barabara Kiminini. Tangu hapo sikuondoa gari kabla ya kutazama chini.

Barasa alipostaafu aliniachia koti lake la kazi, lile la buluu lenye mistari inayong'aa. Mfuko mmoja ulikuwa umechanika na koti lenyewe lilikuwa pana, maana alipenda kuvaa sweta mbili ndani. Nilimwambia linanipwaya. Akaniambia siku moja nitamshukuru kwa ule upana. Nadhani alikuwa akifikiria baridi.

Sasa nifike kwa Mama Perpetua, kwa sababu ndiye aliyenifanya nikubali kuandika.

Chebet, wewe si wa kwetu, kwa hiyo wacha nieleze kwanza. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono. Hawakai chumba kimoja, hawali wakionana, hawatazamani. Wakikutana njiani mmoja huingia shambani kama ameona simba. Hapo hakuna uadui. Ni heshima, tena ndiyo kubwa kuliko zote. Huyu mama amekupa binti yake, huna cha kumrudishia kinachotosha, basi unampa ile nafasi. Siku hizi wako wanaolegeza. Mama Perpetua hakuwa mtu wa siku hizi.

Alikuwa mjane, mkulima, nyumba yake nje kidogo ya Matisi. Alipanda ngazi ya ghala lake kutazama kama panya wamefika kwenye mahindi, ngazi ikateleza. Akavunjika mfupa wa paja. Tawi letu la Kitale likamfunga mguu kwenye banzi lenye kamba inayouvuta, ili ncha za mfupa zisichezecheze ndani na kukata mshipa. Daktari wa upasuaji siku hiyo alikuwa Bungoma. Wanawe wa kiume walikuwa mbali, Nairobi na Mombasa. Binti yake Nekesa alikuwa amejifungua majuzi tu na hakuweza kutoka kitandani. Aliyetumwa kusindikiza mgonjwa alikuwa mume wa Nekesa, Simiyu, fundi wa cherehani hapo Matisi, kijana mwembamba asiyependa makuu.

Walipanga mambo safi. Simiyu angekaa mbele pamoja nami na pazia la kile kidirisha cha katikati lingefungwa. Nyuma angekuwa Sista Chelimo, muuguzi wetu, mtu wa mlimani Elgon, mwenye haraka na mikono miepesi. Kabla hatujaondoka nikasikia mgonjwa anamwuliza:

“Huyo mtu ako mbele?”

“Ako mbele, mama.”

“Na pazia imefungwa?”

“Imefungwa.”

“Basi twende.”

Simiyu alikuwa akininong'oneza ili sauti yake isivuke pazia. Alitaka kuniambia kwamba mtoto ni msichana na kwamba wamempa jina la bibi yake aliyeko nyuma, naye bibi hajui bado. Mambo mazuri namna hiyo yakinong'onwa huonekana kama njama.

Tukapita Kiminini, tukapita Kamukuywa, mvua ikaanza. Mbele yetu lori likafunga breki ghafula kukwepa ng'ombe. Nami nikafunga. Breki ilikuwa laini kwa kadiri ilivyowezekana, lakini kulikuwa na shimo palepale. Nikasikia kitu kikikatika nyuma, kisha mama akalia mara moja tu, kilio kifupi ambacho sijakisahau. Chelimo akagonga kidirisha.

“Simama! Simama hapo kando!”

Nikasimama. Nilipofungua mlango wa nyuma alikuwa ameinama juu ya mguu, ameukamata kwa mikono yote miwili.

“Kamba imekatika na kishikizo chake kimevunjika,” akasema. “Mfupa unacheza ndani. Anavuja damu huko ndani, presha inashuka. Mtu anatakiwa ashike mguu hivi, avute, asiachilie mpaka Bungoma. Mimi siwezi, niko na dripu na oksijeni. Nipe mtu. Saa hii.”

Hesabu ilikuwa fupi. Mimi ni dereva. Chelimo ni muuguzi. Simiyu hajui kuendesha hata pikipiki, la sivyo ningempa usukani nishike mguu mwenyewe na habari ingeishia hapo. Kurudi Kitale hakukuwa na maana, daktari hayuko. Pande zote mbili ni mahindi tu, na mvua ilikuwa imewafukuza watu majumbani.

Nikamgeukia Simiyu. Alikuwa ameshashuka na kurudi nyuma mpaka visigino vikagusa mahindi.

“Mzee, siwezi,” akasema. Alikuwa analia. “Si ati nakataa. Siwezi. Nitamshika mama mguu aje? Nitarudi kwa Nekesa nimwambie nini?”

Na toka ndani ya gari, kwa sauti ndogo lakini imara, mama akasema, “Dereva. Usimlete huyo. Wacha nife hapa, lakini usimlete.”

Chelimo akapandwa na hasira. “Mtu anakufa na nyinyi mnaniambia mambo ya mkwe!” Alikuwa na haki kabisa. Lakini niliwaelewa wote watatu, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu. Kumlazimisha Simiyu ningeweza. Ningemsukuma ndani. Lakini mama angejitupa upande, angevuta mguu, na ule mshipa ungekatika tukitazama. Niliogopa sana. Nawaambia hivyo bila haya.

Bodaboda mmoja akatokea kwenye mvua. Nikampungia, akasimama vizuri, akasalimu, akasema yuko tayari kusaidia. Akauliza mgonjwa ni wa nyumba gani. Nikamtajia. Uso ukamwanguka. Akashusha kioo cha helmeti kama mtu anayejifunika blanketi.

“Huyo ni mama mkwe wa ndugu yangu wa ukoo,” akasema. “Basi na mimi ni wangu.”

Ndiyo barabara yetu hiyo. Ukitafuta mtu asiyekuwa mkwe wa mtu utatafuta mpaka Uganda.

Sijui niseme nilifikiri, kwa sababu sikufikiri. Nilikuwa nimelowa, nikaanza kuvua koti ili nipate kufanya jambo, lolote lile, na nilipolishika mkononi nikaliona. Koti la Barasa. Mvaaji wa koti lile hajawahi kuulizwa ukoo wake. Nimeingia vyumba vya wanawake wakijifungua nikiwa nimelivaa, nimewainua wake za wachungaji, na hakuna aliyeniona mimi. Waliona ambulensi.

Nikamwendea Simiyu nikamvika. Nikachukua barakoa kwenye sanduku la mlangoni nikamfunga mpaka chini ya macho. Nikampa glavu. Ngozi isiguse ngozi, uso usionekane. Sijui waliovumbua glavu walikuwa na nia gani, lakini nahisi walikuwa na mama wakwe.

“Simiyu abaki hapa kwa mahindi,” nikamwambia. “Tutamchukua tukirudi. Mimi nataka mfanyakazi wa ambulensi.”

Alinitazama juu ya barakoa. Akatazama mikono yake ndani ya zile glavu, akaifunga na kuifungua. Kisha akavuta zipu ya koti mpaka shingoni.

Chelimo aliona yote kupitia mlangoni. Hakuna aliyemwambia neno. Akapaza sauti: “Na huyo mfanyakazi mpya anangoja nini? Kuja hapa, shika hapa, na usinichezee!” Mpaka leo namheshimu Chelimo kwa sentensi hiyo kuliko kwa sindano zote alizowahi kuchoma.

Mama Perpetua alikuwa amejifunika leso usoni. Simiyu akapanda, akapiga magoti kwenye mwisho wa machela, ameinamisha kichwa.

“Dereva,” mama akasema chini ya leso. “Ni nani huyo ameingia?”

“Ni mwenzangu wa kazi, mama. Ameanza leo.”

Mvua ikapiga bati la gari. Mama alikuwa anajua. Alijua tulikuwa wangapi kwenye gari lile tangu Kitale. Sote tulingoja, na mimi niliomba, maana kama angesema hapana sikuwa na koti lingine.

“Ako na mama yake, huyo kijana?”

“Anaye, mama.”

“Basi ashike kama ni wake.”

Simiyu akashika. Chelimo akamwelekeza namna ya kuvuta, polepole, moja kwa moja, bila kulegeza. Mama akatoa pumzi ndefu. Nikafunga mlango.

Yule bodaboda alikuwa bado amesimama kwenye mvua. Mlango wa nyuma adabu ilimkataza, lakini barabara haikumkataza. Akawasha pikipiki akanitangulia. Misikhu, Lugulu, Webuye, alikuwa mbele yangu akipiga honi na kuwapungia watu kando, na mimi nyuma yake napiga hodi na kunyamaza, napiga hodi na kunyamaza. Trekta za miwa zikajibanza. Mkono wangu wa kulia ulikuwa nje ya dirisha bila koti, nami sikuhisi baridi.

Nilikuwa nimefungua pazia ili nisikie kama kuna tatizo. Badala yake nikasikia mazungumzo ambayo hayakuwahi kutokea kati ya watu wale tangu harusi.

“Sista,” mama akasema, “mwambie huyo kijana wa kazi asichoke.”

“Sista,” Simiyu akajibu ndani ya barakoa, “mwambie mgonjwa sitachoka.”

Mama akaendelea: “Sista, mwulize kama ameoa.”

“Mwambie nimeoa.”

“Mke anamtunza?”

“Mwambie ananitunza sana.”

“Mwambie basi huyo mke wake alilelewa. Watu hawajileangi wenyewe.”

Chelimo alipitisha kila neno kutoka upande huu kwenda upande ule, ingawa walikuwa karibu kugusana. Baadaye Simiyu akakohoa akasema, “Sista, mwambie mgonjwa nimepata mtoto msichana wiki hii. Tumempa jina ya bibi yake mzaa mama.”

Tukapita Webuye. Nikatazama kwenye kioo, nikaona leso inatikisika usoni kwa mama. Nilidhani ni maumivu. Chelimo aliniambia baadaye kwamba hayakuwa maumivu.

Tulipofika Mabanga wakulima walikuwa wanatoka kwenye kituo cha mafunzo, wengi, wamejaa barabarani na majembe na mifuko yao. Wakasogea wote kwa pamoja, wanaume wakavua kofia kwenye mvua. Nilimkumbuka Barasa, huko ndiko kwao. Kanduyi, kisha mji. Kwenye lango la hospitali yule bodaboda akainua mkono mara moja, akageuza, akaenda zake. Sikupata hata jina lake.

Walipoichukua machela Simiyu hakuweza kuachilia. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi vikiwa vimekunjika, na Chelimo akavifungua kimoja kimoja huku akimwambia “basi, basi, umefika.” Mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa. Simiyu akavua glavu, akavua barakoa, akavua koti, akalikunja mikono ndani na kuliweka kwenye benchi. Akakaa mbali nalo. Nilienda kufuta sakafu ya gari nikaifuta zaidi ya mara moja.

Daktari alipotoka alikuwa ameshusha barakoa chini ya kidevu. “Ako sawa,” akasema. “Mguu ulishikwa vizuri. Nani alishika?”

Nikasema ni mfanyakazi wetu. Kisha nikatoka nje, nikaegemea gari, nikacheka mpaka nikalia. Sijui kama mmewahi kupata nafuu ya namna hiyo. Nimefikisha wagonjwa wengi, na wengine sikuwafikisha. Yule mmoja, nilihisi nimepewa yeye niwe naye nikistaafu.

Na Simiyu? Walipomtoa mama kumpeleka wodini, Simiyu alisikia magurudumu ya kitanda yakija koridoni. Akaruka nyuma ya ukuta kama mwizi, akageuza uso pembeni mpaka kitanda kikapita. Alikuwa ameshakuwa mkwe tena. Koti alilichukua nyumbani kulifua. Lilirudi limepigwa pasi, na ule mfuko uliochanika tangu enzi za Barasa umeshonwa kwa mshono ambao huuoni mpaka uuguse.

Kwa hiyo ninyi wawili, wekeni koti la ziada kwenye gari. Liwe pana. Msicheke adabu ya mtu hata ikiwachelewesha, wala msiivunje kwa nguvu. Kwa kawaida imeacha mlango mahali, zungukeni mtauona. Na kagueni vile vishikizo vya banzi kila asubuhi, kwa sababu si kila siku mtakuwa na fundi wa cherehani.

Nilidhani hadithi iliishia hapo. Wiki yangu ya mwisho kazini nilikuwa naosha gari kwenye lango la Kitale, nikamwona Mama Perpetua anakuja, mkongojo mkono mmoja, kikapu mkono mwingine. Alikuwa ameshuka kwenye bodaboda. Bodaboda ya pili ilikuwa imesimama ng'ambo ya barabara, na aliyeshuka hapo alikuwa Simiyu. Alikuwa amemfuata kwa mbali kwa sababu njia zilikuwa na utelezi. Alikuwa ametupa mgongo, anakagua ukuta wa duka kama aliyeitwa kuupiga lipu.

“Mulembe, dereva.”

“Mulembe, mama. Mguu unasemaje?”

“Unanipeleka kanisa na unanirudisha. Nimesikia unaenda nyumbani.”

“Nimechoka, mama.”

“Mtu anachoka.” Akatua kikapu. Alikuwemo jogoo mwekundu, amefungwa miguu, ana hasira. “Yule kijana mwenye alianza kazi ile siku. Bado yuko?”

Nikatazama juu ya bega lake. Mgongo wa Simiyu ulikuwa umekakamaa.

“Aliacha, mama. Alifanya siku moja tu.”

“Hasara yenu.” Alipaza sauti kuliko ilivyohitajika kwa mtu aliyesimama karibu hivyo. “Alikuwa na mikono ya mtu amelelewa. Ukimwona umpe huyu jogoo. Mwambie uso wake sijawahi kuuona, na sitauona. Lakini kila asubuhi nikikanyaga chini, kabla nitaje watoto wangu kwa Mungu, namtaja yeye.”

Akaniaga, akapanda bodaboda yake, akaondoka bila kutazama ng'ambo. Simiyu aliendelea kuutazama ukuta mpaka pikipiki ilipokata kona. Kisha akavuka barabara, akasimama mbele yangu.

“Mzee,” akasema, “amesema nini?”

Alikuwa amesikia kila neno. Nikamkabidhi jogoo, nikamwambia yote tangu mwanzo, polepole, kama ujumbe unavyostahili kufikishwa. Naye akasikiliza mpaka mwisho kama ndiyo mara ya kwanza, jogoo kwapani, machozi yakimtiririka.